Msimtoe mkimbizi uwanja wa ndege

Mhariri,

Msomaji aliyependekeza katika safu hii kwamba opera ya Flight (mchezo wa jukwaani unaoimbwa) itafsiriwe na kuimbwa hapa kwetu kwa Kiswahili tunamuunga mkono. Kilichotufanya tushike kalamu ni mambo mawili aliyoyachomeka mwishoni: kwamba hadithi ihamishiwe mpakani, Tunduma au Namanga, "ili iwe ya kwetu", na kwamba mwishoni mkimbizi agongewe muhuri na kuingia nchini, watazamaji warudi nyumbani na furaha. Akiyafanya hayo mawili atabaki na nyimbo nzuri, lakini opera yenyewe atakuwa ameizika.

Kwa wasioijua: muziki ni wa Jonathan Dove, maneno ni ya April De Angelis, na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Septemba 1998 huko Glyndebourne, kusini mwa Uingereza. Ina maonyesho, yaani sehemu kuu, matatu na waimbaji kumi. Mahali ni pamoja tu, ukumbi wa kusubiria ndege. Wamo mume na mke, Bill na Tina, wanaokwenda likizo wakitumaini ndoa yao itapona. Mama wa makamo anayemsubiri mchumba kijana aliyekutana naye mapumzikoni. Mwanadiplomasia anayehamia Minsk, Belarus, na mkewe mwenye mimba pevu. Wahudumu wawili wa ndege. Mwongoza Ndege aliye peke yake mnarani. Na Mkimbizi asiye na karatasi, ambaye haruhusiwi kutoka nje wala hana ndege ya kumrudisha. Afisa Uhamiaji anamtafuta. Inakuja dhoruba, ndege zote zinasimamishwa, na karibu wote hawa, isipokuwa mwanadiplomasia aliyekwisha kuondoka bila mkewe, wanalala pale pale sakafuni na kwenye viti.

Onyesho la kwanza na sehemu kubwa ya la pili ni vichekesho, na ndiyo maana wengi hudhani kazi yote ni ya kuchekesha. Mkimbizi anawagawia wanawake mawe ya bahati, kila mmoja akimwambia kwamba jiwe lake ni la pekee. Usiku wanagundua kila mmoja anacho kijiwe chake. Wanamvamia, wanampiga hadi anazimia, na kwa kudhani amekufa wanamtia ndani ya sanduku kubwa la safari. Asubuhi mtoto anazaliwa, sanduku linafunguliwa, Afisa anamkuta mtu wake, na hapo ndipo Mkimbizi anapoeleza ametokeaje. Yeye na nduguye walizamia ndege kwenye sehemu ya magurudumu. Ndugu huyo, ambaye kwa maonyesho mawili tumekuwa tukiambiwa yuko njiani, aliganda kwa baridi akaanguka.

Afisa afanye nini? Anafumba macho, lakini kwa kipimo: hatamkamata, wala hatamfungulia mlango. Mkimbizi abaki uwanjani. Abiria wanapanda ndege zao. Wanabaki wawili, yeye na Mwongoza Ndege.

Sasa tuje kwenye hoja ya kuhamisha mahali. Anayetaka kuipeleka hadithi hii Namanga hajafikiria jinsi Namanga inavyofanya kazi leo. Kituo cha pamoja cha mpakani kimejengwa makusudi ili kuondoa pengo: unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja, dirisha hadi dirisha, katika nchi unayokwenda. Ukikataliwa unageuka na kurudi ulikotoka kwa miguu. Tunduma ni hivyo hivyo, na tena huko kuna njia za panya ambazo kila bodaboda anazijua. Mpaka wa nchi kavu haumshiki mtu katikati kwa miaka. Uwanja wa ndege ndio unaoweza. Mtu ameshashuka, kisheria hajaingia, na kurudi nyuma hakuna njia isipokuwa apandishwe ndege, na asiye na karatasi ni vigumu kumpandisha.

Hiyo si ndoto ya msanii. Opera hii ilichochewa na kisa cha Mehran Karimi Nasseri, Mwirani aliyeishi katika Kituo namba 1 cha uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, kuanzia Agosti 1988 hadi 2006. Ubelgiji ilikuwa imemtambua kuwa mkimbizi tangu 1981. Karatasi zake zikapotea, akaenda London bila hizo, Heathrow wakamrudisha Paris. Mwaka 1992 mahakama ya Ufaransa ikasema hawezi kufukuzwa uwanjani kwa sababu aliingia humo kihalali, lakini haikuweza kuilazimisha serikali imruhusu kuingia nchini. Ubelgiji ilikuwa tayari kumpa karatasi nyingine, sharti aje mwenyewe kuzichukua. Na aende vipi, ikiwa hana karatasi za kusafiria? Mwaka 1999 karatasi zikapatikana hatimaye, akakataa kutia saini, maana ziliandikwa kwamba ni Mwirani na hazikubeba jina la "Sir Alfred" alilokwisha kujipa. Alitoka 2006 kwa sababu ya ugonjwa. Akafa Novemba 2022, uwanjani pale pale, katika Kituo 2F, alikokuwa amerudi kuishi.

Na kwa anayesema hayo ni ya Ulaya, akumbuke Nairobi. Mwaka 2004 Mkenya mmoja mwenye pasipoti ya Uingereza ya raia wa ng'ambo alikataliwa Heathrow, kwani pasipoti ya aina ile haikumpa haki ya kuingia na kukaa Uingereza. Akarudishwa Jomo Kenyatta. Lakini uraia wa Kenya alikwisha kuukana, na enzi zile, kabla ya katiba ya 2010, Kenya haikuruhusu uraia pacha. Alikaa pale uwanjani zaidi ya mwaka, hadi Uingereza ilipompa uraia kamili Julai 2005. Kwa hiyo anayetaka opera iwe ya kwetu asihangaike na Namanga. Aibakize uwanja wa ndege, abadilishe sauti ya matangazo tu.

Kuna jambo jingine ambalo mwongozaji wa jukwaa lazima alijue kabla hajamvika Afisa Uhamiaji miwani myeusi. Kazi kubwa ya mpaka haifanywi tena na afisa. Kwa utaratibu wa kimataifa wa usafiri wa anga, abiria anayekataliwa kuingia hukabidhiwa kwa kampuni iliyomleta, na kampuni hiyo ndiyo humrudisha. Uingereza iliongeza faini juu ya hapo kwa sheria ya 1987, paundi 1,000 kwa kila abiria asiye na hati sahihi, ikapandishwa hadi 2,000 mwaka 1991. Ndiyo maana dada wa kaunta ya mizigo pale Dar es Salaam au Nairobi anaikagua viza yako, akaipindua pasipoti, akampigia simu bosi wake, kabla hujamwona mwenye sare yoyote. Katika Flight wahudumu wawili wa ndege wameandikwa kama watu wa mahaba na mbwembwe. Wakiimbwa hapa, tungewapa wahudumu hao tabia ya kushika pasipoti za watu na kuziangalia dhidi ya mwanga hata wakiwa katikati ya mabusu. Haihitaji kubadili noti hata moja.

Afisa mwenyewe ameandikiwa besi-baritoni, sauti nzito. Kosa linalofanywa mara kwa mara ni kumfanya katili tangu anapoingia. Akiwa katili, uamuzi wake wa mwisho unaonekana kama huruma ya ghafla, kama ya filamu. Acheni awe mtumishi mchovu anayejua kanuni zake kwa namba. Mtu wa namna hiyo akifumba macho, watazamaji wanaelewa amefika mwisho wa mamlaka yake. Muhuri si wake wa kugawa anavyotaka. Alichonacho ni kutokuona. Mkimuongezea muhuri mnamdanganya mtazamaji ambaye ameshawahi kukaa kwenye benchi la Uhamiaji na anajua fika nani huamua nini.

(Hapa tuchomeke lalamiko dogo kwa gazeti lako, Mhariri. Mnaandika "wahamiaji haramu" karibu kila wiki. Haramu ni kitendo au kitu. Mtu anaweza kuingia kinyume cha sheria. Yeye mwenyewe kuwa haramu hawezi. Mtafsiri wa opera hii asije akaokota neno hilo kwenye kurasa zenu.)

Kuhusu wimbo mkuu wa Mkimbizi katika onyesho la tatu, ule wa ndugu aliyezamia: msiuimbe kama ombolezo la jumla. Mwimbaji ajue anachokisema. Sehemu ya magurudumu haina joto wala haijazwi hewa. Ndege ikifika mita 10,000 na zaidi, nje ni nyuzi 50 hadi 60 chini ya sifuri, na hewa imebaki kama robo ya ile ya pwani. Mtu huzimia kwanza, baridi humkuta hana fahamu. Rubani anaposhusha magurudumu, ndege ikiwa bado kilomita nyingi kutoka uwanjani, milango ya chini hufunguka na aliyelala juu yake huanguka. Tarehe 30 Juni 2019 mwili wa mzamiaji uliangukia bustani ya nyumba moja Clapham, kusini mwa London, kutoka ndege iliyotoka Nairobi. Ndani ya sehemu ile ya magurudumu vilikutwa begi, maji na chakula. Mwenye begi alitegemea kufika na kula. Mwimbaji akilishika hilo begi moyoni, hatahitaji kulia jukwaani. Na mtafsiri atumie neno la watu: kuzamia, mzamiaji. Bandari ya Dar es Salaam ilitupa neno hilo kwa ajili ya meli, na linafaa ndege vile vile. "Abiria asiye halali" liachiwe polisi.

Tukiingia kwenye tafsiri yenyewe, Kiswahili kina bahati na kina mitego. Bahati: mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno mawili yanayobeba kisa kizima yanakaa kwenye noti zile zile za Kiingereza. Neno lao la karatasi za kusafiria lina silabi mbili, mkazo mwanzoni. "Hati" ni hivyo hivyo. Neno lao la ndugu wa kiume ni silabi mbili, mkazo mwanzoni. "Kaka" ni hivyo hivyo. Mtafsiri akiweka "nyaraka" au "kaka yangu mkubwa" atalazimika kupasua noti, na kondakta, yule anayeongoza orkesta, atamchukia. Mtego: sentensi nyingi za Kiingereza huishia kwenye silabi nzito, moja, inayovutwa. Kiswahili hakimaliziki hivyo. Mkiweka "mkimbizi" mwishoni na kuivuta silabi ya mwisho mtapata "mkimbiziiii", na ukumbi utacheka. Igaweni noti ile ndefu: "mbi" ipewe robo tatu yake, "zi" idondoke kwa ufupi. Tena "m" ya mwanzo ni silabi kamili na inataka noti yake. Asipopewa, mwimbaji ataimeza na tutasikia "kimbizi".

Kwa Mwongoza Ndege tatizo ni irabu. Sehemu yake iko juu kupita kiasi cha soprano wa kawaida wa kwaya. Soprano akishapita ile fa ya mstari wa juu kabisa wa stafu (mistari mitano ya noti), irabu zote huanza kufanana, maana sauti yenyewe imepanda juu ya mlio unaotofautisha "i" na "a". Neno kama "viza" likiwekwa huko litasikika kama filimbi. Mtafsiri ayapeleke juu maneno yenye "a" penye mkazo: "tafadhali", "salama". Yaliyo muhimu kwa hadithi yashuke chini. Na bado, wekeni maandishi juu ya jukwaa, mistari miwili kwa mara moja, herufi zisizozidi 40 kwa mstari. Hapo lugha yetu inatubeba, "hawakuniruhusu" ni sentensi nzima kwa neno moja. Anayebonyeza maandishi hayo awe anasoma noti na kitabu kiko mbele yake. Akifuata kwa sikio, kwenye zile sehemu ambapo watu wengi huimba kwa pamoja maneno tofauti, atapotea na hatarudi.

Mkimbizi ni kaunta-teno: mwanamume anayeimba eneo la alto kwa sauti ya kichwa. Alipoonyeshwa mara ya kwanza aliimba Christopher Robson. Tumeona mapendekezo kwamba nafasi hiyo apewe teno, noti zishushwe oktava moja. Hapana. Bill tayari ni teno, wawili hao watagongana, na Mwongoza Ndege aliye juu peke yake atakosa mwenzake. Sauti yake imewekwa kando ya wengine wote ili masikio yajue kabla ya macho kwamba huyu si wa hapa. Wa kumwimba wapo katika kwaya zetu, wale vijana wanaojaza alto wakati akina mama hawakutosha. Mjaribuni kutoka do ya kati ya piano kupanda oktava moja na ziada kidogo, kwa dakika kumi mfululizo. Sikilizeni chini. Karibu na do ya kati sauti ya kichwa hufifia na wengi hudumbukia kifuani kwa kishindo. Mwenye ufa mdogo pale ndiye wenu, juu patafunzika.

Wanakwaya wetu wengi husoma solfa, yaani do, re, mi. Kwa wimbo wa mtu mmoja itasaidia, kwa sehemu za watu wengi itawaangusha, kwa sababu Dove hujenga kwa vipande vifupi vinavyojirudia huku ufunguo ukihama chini yake, na "do" ya hatua hii si "do" ya hatua ile. Kinachoharibika mara nyingi si noti, ni hesabu: mtu anarudia kipande mara tano badala ya nne na wote tisa wanamfuata shimoni. Wiki mbili za kwanza semeni maneno kwa mdundo, bila kuimba, kila mtu na penseli yake akiandika namba ya marudio juu ya kila kipande.

Mnara wa Mwongoza Ndege uwe juu kweli, mita tatu hivi kutoka sakafu ya jukwaa. Huko hamwoni kondakta, kwa hiyo atahitaji skrini. Msimwekee televisheni bapa ya sebuleni kwa kuunganisha na kamera ya simu: picha huchelewa sehemu ya sekunde, naye ataimba nyuma ya mapigo usiku mzima, mkimlaumu bure. Tafuteni kamera ya waya na skrini isiyochelewesha, na mjaribu kwa kupiga makofi mbele ya kamera kabla hajapanda.

Sanduku analofungiwa Mkimbizi lisiwe na mgongo. Lisukumwe hadi kwenye pazia, mwimbaji atoke kwa nyuma, anywe maji, arudi kabla ya kufunguliwa asubuhi. Sanduku zima lenye matundu halitoshi. Chini ya taa za jukwaa ndani yake ni tanuri, na anayetoka humo ndiye atakayeimba wimbo mgumu kuliko yote.

Anayetaka kazi nyingine ya watu waliokwama kwa karatasi, basi aitazame opera The Consul ya Gian Carlo Menotti, ya 1950, iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka huo huo. Ni ofisi ya ubalozi, wenye foleni, katibu anayesema fomu haijakamilika, na balozi asiyemwona mtu. Ila hiyo haina kicheko cha kutosha, na inamuua mhusika mkuu mwishoni, jambo ambalo kwa maoni yetu ni rahisi zaidi kuliko kumwacha hai uwanjani.

Limebaki jina. Neno Flight kwa Kiingereza ni safari ya ndege na ni kukimbia hatari kwa pamoja, na msomaji wako alidai Kiswahili hakina la kulingana nalo. Tunalo. "Kuruka" ni kwenda angani, na vijana husema fulani karuka majuu. Lakini kumruka mtu ni kumkana, kumkana futi mia moja, kama wale wanawake wenye vijiwe wanavyomfanya Mkimbizi. Kiingereza hakina hiyo maana ya pili. Iitwe Kuruka.

Mwisho kabisa: kazi hii ina haki miliki, mtunzi na mwandishi wa maneno wote wako hai. Tafsiri ya kuimbwa inataka kibali cha mchapishaji, achilia mbali kubadili mwisho wa hadithi. Barua ya kuomba itangulie, tafsiri ifuate. Waliofanya kinyume wamebaki na kitabu kizima cha maneno wasichoruhusiwa kukiimba.

Wadau wa muziki wa jukwaani,
Dar es Salaam